Jino la Gidioni

Mvua ikikatika tu, Aikaeli alikuwa akishuka korongoni. Wakulima wa Mabogini walikuwa wameshamzoea. Wakikutana naye kwenye tuta la mpunga walimpisha bila kuuliza kitu. Mwanzoni walimwonea huruma, lakini huruma ya watu haidumu.

Mumewe, Gidioni, alikuwa mwokotaji wa meno ya kale, yale ya wanyama waliokufa zamani sana hadi meno yao yakageuka mawe. Mvua kubwa hubomoa kingo za korongo na kuyaacha wazi, kwa hiyo mwokotaji inabidi awahi kabla matope hayajayafunika tena. Masika yale Gidioni aliwahi mno. Maji ya mlimani yalimkuta chini, na mwili wake haukuonekana. Wengine walisema kajitakia. Watu hawakosi la kusema.

Kule Marangu, mlimani, mama mkwe wake, Bibi Elinipendo, alikuwa kitandani hajiwezi. Mchagga huzikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo wake, migombani, na bibi aligoma kufa mwanawe akiwa hana kaburi.

"Hata kidole, mwanangu," alimwambia Aikaeli. "Niletee hata kidole tukilaze nyumbani."

Siku moja alishuka korongoni na shemeji yake, Wilbert. Walifukua matope hadi jua likawa la utosi. Ndipo Aikaeli akaokota jino dogo la kahawia. Gidioni alilelewa na shangazi yake huku tambarare, na maji ya huku yalimtia meno rangi hiyo hiyo. Akalisuuza, akaligusisha ulimi penye mzizi, kama mumewe alivyomfundisha. Lililogeuka jiwe hunata ulimini; la mtu wa juzi halinati.

Likanata.

"Shemeji, ni yeye?" Wilbert aliuliza. Alikuwa ameshavua kofia, na alikuwa analia.

Aikaeli alikifikiria kile kitanda cha Marangu. Alikuwa amechoka, Mungu ndiye ajuaye alivyochoka.

"Ni yeye," akasema.

Walimzika Jumamosi. Mchungaji alisali, kwaya ikaimba, na jeneza lilikuwa la mtu mzima, maana nani angethubutu kuagiza dogo? Bibi alibebwa juu ya kiti chake hadi kaburini, akatupia udongo kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibu nyumbani, baba," akamwambia mwanawe.

Alilala usiku ule asiamke tena. Wakamzika pembeni ya lile kaburi, na wote wakasema amekwenda kwa amani.

Haukupita muda mvua ikanyesha kutwa nzima. Ilipokatika, Aikaeli akavaa mabuti. Wilbert alimkuta mlangoni, akamshika bega taratibu.

"Unaenda wapi tena, shemeji? Si tumeshamzika?"

Angejibu nini? Kwamba bibi amelazwa kando ya mnyama asiyejulikana hata jina? Akavua mabuti, akakaa kizingitini. Huko korongoni maji yalikuwa yanabomoa kingo, na duniani kote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anamtafuta mume wake.