Maneno Mawili Yaliyokatwa

Niliitambua mikono ya shangazi kabla sijaisikia sauti yake. Ilikuwa imejaa kioo chote cha kompyuta yangu, kidole gumba cha mkono wa kulia kikisugua kiganja cha kushoto kama mtu anayehangaika na doa lisilotoka. Juu ya picha ile ilipita sauti ya mwanamume, sauti tulivu ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Hapa nimefunika mkato kwa picha ya mikono," alisema. "Mtazamaji hagundui kitu."

Nikasimamisha video. Nilinyanyuka nikaenda dirishani, nikarudi, nikaketi.

Miaka hiyo mimi na mwenzangu mmoja, fundi sauti, tulikuwa tunaendesha tovuti ya wahariri wa filamu na video. Tuliweka habari za kazi yetu: programu gani imetoka toleo jipya, toleo gani limekula kazi za watu, nani anatafuta mhariri. Tuliweka masomo, na sauti za mvua, milango na nyayo ambazo mtu angeweza kuzichukua bure. Na tulitaniana. Kulikuwa na ukurasa mzima wa kucheka majina ya faili: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wa kweli", "naomba uwe mwisho". Mhariri ni mtu wa chumba chenye pazia. Akiikosea kazi anatukanwa, akiipatia hakuna anayejua kwamba yupo. Tovuti ile ilikuwa baraza letu, nami niliipenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Katika baraza hilo hakuna aliyeheshimiwa kuliko Sindano. Jina hilo alipewa kwa sababu mishono yake haikuonekana. Tulikuwa tumembembeleza muda mrefu atupe somo, naye hatimaye akatuma hilo: namna ya kufupisha mahojiano. Kazi yangu ilikuwa kulikagua kabla halijapanda kwenye tovuti.

Nikairudisha video mwanzo. Sindano alianza kwa kuonyesha picha ghafi, "ili mwone nyama kabla ya kisu." Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, aproni yake ya kazi imeshika masizi begani. Alizungumza polepole, akimtazama mtu aliyekuwa pembeni ya kamera.

"Watu wanasema mlango niliufunga mimi. Ufunguo ule sijawahi hata kuushika."

"Mama huyu anazungukazunguka," Sindano akafafanua. "Sisi tunataka kiini." Akakata maneno mawili ya mwanzo. Akakata sentensi yote ya pili. Akafunika kidonda kwa ile picha ya mikono, akachezesha alichokibakiza.

"Mlango niliufunga mimi."

Shangazi alikuwa mlezi wa bweni la wasichana. Hitilafu ya umeme iliwasha moto, na mlango wa nyuma ukakutwa umefungwa kwa kufuli. Wasichana wawili waliungua, mmoja hakupona. Shule ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeamuru mlango ule ufungwe ili watoto wasitoroke, lakini hilo hakulisema mtu. Lililosikika nchi nzima ni sauti ya shangazi yangu akikiri.

Nakumbuka tulivyoketi sebuleni kuitazama taarifa ile. Baba, ambaye shangazi ni mdogo wake wa tumbo moja, alizima televisheni kabla haijaisha. Kesho yake shangazi alikuja. Hakuvuka kizingiti.

"Kaka, mimi sikusema vile."

"Nimekusikia kwa masikio yangu haya," Baba alimjibu, akafunga mlango taratibu, kwa adabu, kama anayemfungia mgeni aliyepotea njia.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kazi. Nilimwambia Baba kwamba ile sentensi ilianza ghafla mno, haina pumzi mbele yake, haiwezekani mtu akaanza kusema hivyo. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, usimtetee mtu kwa pumzi." Basi tangu siku hiyo jina la shangazi halikutajwa tena nyumbani kwetu. Alifukuzwa kazi. Baba wa marehemu alimkuta njiani akamtemea mate miguuni. Akahama mtaa, akapata kibarua cha kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na mimi nikawa namtembelea kwa kificho kama mtu anayekwenda kwa mganga.

Nilimpigia simu Sindano asubuhi ileile.

"Dada, vipi, somo limekupendeza?"

"Yule mama mwenye aproni. Unajua yaliyompata?"

"Ile kazi ya zamani. Niliambiwa taarifa iwe fupi, nikaifupisha. Maneno yote ni yake. Mimi sikuongeza hata neno moja."

"Hukuongeza. Ulipunguza."

"Ndiyo kazi yetu, dada. Wewe nawe ni mhariri."

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye wakati ule. Wala si kwa sababu alikata. Waoga hukata, wenye njaa hukata, na bosi akikusimamia nyuma ya kiti mkono hutetemeka ukakata. Nilimchukia kwa sababu alisahau kabisa alichomfanyia yule mama. Alipotafuta mfano wa kazi yake nzuri alifungua kabati, akamtoa shangazi yangu, akamtumia kama kitambaa cha kufundishia kushona.

"Mama huyo ni shangazi yangu," nikamwambia.

Nikasikia kiti chake kikilia. "Basi lifute hilo. Nitakutumia jingine. Tusichanganye kazi na mambo ya familia."

Nikakata simu. Nilichukua kompyuta nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta anakunja mashuka, nikamwomba akae, nikamwonyesha picha ghafi bila kumweleza lolote. Alisikiliza mara moja. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu midomo yake ilikwenda pamoja na sauti: watu wanasema.

"Maneno mawili tu," alisema. "Yalikuwa yamefichwa wapi miaka yote hii?"

"Kwa aliyeyakata."

Nilitegemea alie. Hakulia. Alisimama, akalikung'uta shuka kwa nguvu hadi likapiga kama kofi.

"Nataka kuyaweka hadharani, shangazi. Lakini ukisema hapana, ni hapana."

"Weka. Na uso wangu uweke. Mtu asinifunike tena."

Mwenzangu fundi sauti ndiye aliyetaka kunizuia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuhesabu hasara. "Ukimgusa Sindano tumekwisha," alisema. "Nani atatuletea somo tena? Tovuti ya wahariri kumvua nguo mhariri!"

"Kama baraza letu haliwezi kusema hili, basi si baraza. Ni genge."

"Nyumba tumejenga wote."

"Basi toa matofali yako."

Hakuyatoa. Aliketi pembeni yangu amenuna, akanisaidia kusawazisha sauti ili kila neno lisikike. Kwenye ukurasa wa habari, mahali tulipozoea kutangaza matoleo mapya ya programu, tuliweka taarifa iliyorushwa, na chini yake sehemu ya somo la Sindano, sauti yake na kisu chake, bila kugusa hata pumzi. Juu niliandika kilichofanyika na nani alikifanya, nikaweka wazi kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake. Kisha nikabonyeza, ikaenda hewani.

Wahariri walitugawanyikia. Wengine waliniita msaliti, wakaondoa masomo yao. Wengine walianza kuandika, mmoja baada ya mwingine, mambo waliyowahi kuamriwa kukata. Kituo kilichorusha taarifa ile kilitoa tamko la mistari michache: mahojiano yalifupishwa kwa sababu ya muda. Sindano naye alituandikia barua ndefu akilalamika kwamba tumechukua kipande cha somo lake tukaacha maelezo yake ya mwisho, kwamba tumemkata. Mkuki kwa nguruwe. Niliichapisha barua yake nzima, pamoja na salamu na makosa ya herufi.

Simu ambayo sikuitegemea ilitoka kwa baba wa yule msichana aliyekufa. Hakuomba radhi, wala sikumtaka aombe. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti iliyokauka.

"Sasa ufunguo alikuwa nao nani?"

Swali hilo, alilolipeleka mwenyewe polisi, ndilo lililolifufua shauri la moto. Mwenye shule aliitwa kujieleza, akatafuta mawakili, na lile jambo likaanza kujikokota kortini, hadi leo linajikokota. Nikisikia limeahirishwa tena, hunyanyuka nikaenda dirishani kama siku ile.

Baba aliiona ile video kwa jirani. Siku iliyofuata alivaa koti lake la kwendea kwenye misiba, akaniomba nimpeleke.

Shangazi alitufungulia mwenyewe. Baba alisimama mlangoni, mtu mzima aliyezoea kusema mbele za watu maisha yake yote, asipate pa kuanzia.

"Mdogo wangu," alisema hatimaye, "nimesikia."

Shangazi akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi nilikwambia kwa mdomo wangu huu, kaka. Kumbe ulikuwa unangoja kompyuta."

Baba aliinamisha kichwa. Shangazi akasogea pembeni, akatupisha tukaingia. Alimpa kaka yake kiti kizuri, kile chenye mto. Mimi akanimiminia chai, akajimiminia na yeye, akaifunga chupa kabla haijafika kwenye kikombe cha Baba.