Kikuba Mfukoni mwa Maalim

Mwanaesha hakuwa mtu wa kupekua mifuko ya mume. Kanzu ilikuwa yaenda majini, akatia mkono kama atiavyo siku zote, ukatoka na kikuba: asumini, mrehani na kipande cha mkadi, vimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Moyo ulitaka kujidanganya kwamba kaletewa yeye. Lakini maua yalikwisha kunyauka, na pini ingalipo. Mwanamke alikuwa amekivaa. Afadhali angekuta nge.

Mumewe, Maalim Sheikhan, alikuwa na barza yake nje ya nyumba yao ya Mji wa Kale. Tangu Mrusi arushwe angani, Tom, karani wa bandarini, alikuwa akija kila alasiri kumchokoza, kwamba Mrusi huyo hakumwona Mungu huko juu, na ulimwengu umejitokea wenyewe. Maalim hakumwachia hata shibiri moja. Dalili ya mvua ni mawingu, alimwambia. Kila kilichopangwa kina mpangaji, na usipomwona fundi usimkane. Mwanaesha, nyuma ya dirisha, aliyasikia hayo hata akayahifadhi, na zamani yalimpa fahari. Sasa alisikiliza sauti kuliko maneno. Ukishaanza kumshuku mtu, hata kikohozi chake unakitafutia maana.

Ijumaa, baada ya chakula, alikiweka kikuba juu ya sinia.

"Maalim, hichi alokifunga n'nani?"

Sheikhan alinawa mikono mara ya pili. Akasema hajui, labda ni maua tu yaliyomwangukia njiani, chini ya madirisha ya watu.

"Yakaangukia mfukoni, yakajipanga, yakajifunga uzi?"

Njia ya kutokea alikuwa nayo: aseme kweli. Mke wa pili si haramu, na Mwanaesha alikuwa tayari kulia, kugomba, hata kusamehe. Akamngoja.

Maalim alitupa jicho dirishani kuona kama limefungwa. Kisha akasema polepole, "Mambo mengine, Mwanaesha, hutokea tu."

Huyu ndiye aliyegombana na nusu ya mji akimtetea Mola wake, asikubali hata jani moja lijiangukie. Leo amekubali yote yajitokee, ili jina la mwanamke lisitajwe. Mwanaesha mwenyewe hakupata kupendwa hivyo hata siku moja.