Laptop ya Pazi

Sikumpenda Pazi tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kujifanya. Ni mtu wa kuingia kazini saa tatu na nusu, anasalimia kwa kuinua kidole kimoja, halafu anachemsha chai kana kwamba ameajiriwa kuchemsha chai. Ofisi yetu ni chumba kimoja na kibaraza pale Dunda, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na tulikuwa watu watatu tu. Bosi ni Bi Evarista, mwalimu mstaafu wa hesabu, sote tunamwita Madamu. Waliobaki ni mimi, jina langu Adila, na huyo Pazi. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kompyuta wa kliniki za watoto: nesi anaandika mtoto kachanjwa lini, mfumo unamtajia tarehe ya kurudi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Madamu nikamwambia Pazi hafanyi kazi. Nikamwambia mfumo wote nauandika mimi, mwenzangu anazurura vijijini Mkange wiki nzima eti anaongea na manesi, anarudi na vumbi na mfuko wa mihogo. Madamu akavua miwani. "Wote, Adila? Una hakika?"

"Wote, Madamu. Mwondoe uone kama kitapungua kitu."

Hayo ndiyo maneno yangu, nimeyasema kwa mdomo wangu huu. Pazi akaondolewa, na nafasi yake ya usimamizi wa mfumo nikapewa mimi, ila kwa sharti. Alhamisi saa nne asubuhi wageni wa shirika linalotufadhili wanakuja kuuona mfumo ukifanya kazi. Ukifanya, nafasi ni yangu. Usipofanya, Madamu alisema, itabidi ajiulize nimemdanganya nini kingine.

Jumatatu nikakabidhiwa laptop ya Pazi, mashine pekee pale ofisini yenye nguvu ya kuendesha mfumo mzima. Nikaifuta yote. Sikutaka kuona folda zake, sikutaka kuona picha ya mkewe kwenye kioo, sikutaka harufu yake ibaki humo. Roho yangu ilitulia kweli kweli, sifichi.

Sasa kuiandaa upya kwa kazi za Java, lugha tunayoandikia programu, hapo ndipo ukorofi ulipoanza. Unaiweka Java, halafu lazima uielekeze kompyuta ilipo, maana usipoielekeza itakuambia haijawahi kuisikia ilhali umeiweka sasa hivi mbele ya macho yake. Nikaweka toleo jipya, mfumo ukalikataa, ukataka la zamani. Nikaling'oa jipya, nikaweka la zamani. Kompyuta ikang'ang'ania lile nililoling'oa. Niliitukana mpaka muuza mabati wa chini akauliza kama kuna usalama. Adhuhuri ikanikuta bado napambana, na nilipotoka kuswali mambo yakakubali. Nikasema alhamdulillah, kumbe bado.

Zikaja laibrari. Hizi ni vipande vya programu vilivyokwishaandikwa, mfumo wako unaviazima ili usianze kila kitu upya. Wetu unaazima mia na ushee, na zote huvutwa kutoka mtandaoni. Mtandao wa ofisi yetu ni bando la simu ya Madamu, kwa hiyo desturi yetu ilikuwa hivi: mmoja anazivuta mara moja, anazijaza kwenye flashi, mwenzake anaichukua flashi na kunakili. Mvutaji alikuwa Pazi. Mimi flashi yake sikuwahi kuiomba, kwa sababu tulikuwa hatusemeshani tangu Ramadhani. Niliandika kurasa zangu, nikazitazama kwenye mashine yake akiwa kaenda kununua vitumbua, basi.

Jumatatu hiyo nikatumia bando la simu yangu. Laibrari zikashuka moja baada ya nyingine mpaka ikabaki moja, na hiyo ikagoma. Jina lake tarehe-kliniki. Maandishi mekundu: haipatikani. Nikazifuta zote nikavuta upya, haipatikani. Nikaitafuta mtandao mzima, hakuna binadamu anayeijua. Nikaiondoa kwenye orodha kwa hasira, nikaambulia makosa mia moja arobaini, maana hakuna ukurasa wangu hata mmoja usioitegemea. Katika orodha ile, mbele ya jina la kila laibrari huandikwa jina la aliyeitengeneza. Nikasogeza macho. Imeandikwa pazi.

Asubuhi ya Jumanne Madamu aliponiuliza tumefika wapi, nikamwambia inakwenda vizuri, Madamu. Kisha nikasema natoka kidogo, nikabeba laptop begani, nikaenda Mapinga.

Pazi kajenga kwenye kiwanja nyuma ya barabara kuu, nyumba ya tofali isiyopigwa plasta, migomba kwa nyuma. Mkewe, Dija, alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele. Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema, kisha akainua uso. "Ala! Kumbe ni wewe. Pazi! Njoo, mwenye mfumo wake kaja."

"Habari za hapa, dada?"

"Za hapa nzuri. Tunalala mpaka saa tatu na nusu, tunakunywa chai. Si ndivyo tulivyo?"

Pazi akatokea migombani, mikono imelowa, alikuwa anamwagilia. Hakunipa mkono wala hakunionyesha pa kukaa.

"Adila. Umepotea njia?"

"Nimekuja kikazi."

"Mimi na kazi wapi na wapi? Mimi si mzururaji?"

"Pazi, sikuja kugombana. Nataka tarehe-kliniki."

Akacheka, kicheko kirefu cha mtu asiye na haraka. "Inafanya nini hiyo tarehe-kliniki? Niambie wewe, msimamizi."

"Inahesabu siku ya mtoto kurudi. Wiki nne mbele, basi. Hesabu ya darasa la tatu, ningeiandika mwenyewe kwa saa moja."

"Basi iandike."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Mtoto wa Mkange kachanjwa Jumanne. Arudi lini?"

"Jumanne, wiki ya nne."

"Jumanne hatamkuta mtu, wala mwenyewe haji. Mama zao wanakuja siku ya gulio, maana ndiyo siku magari yanapita, na anayekwenda kuuza ndiye anayekwenda na mtoto kliniki. Na masika je? Barabara ikikatika nesi ndiye anayewafuata, kitongoji kwa kitongoji, na kila kitongoji kina siku yake. Hizo ni zahanati kumi na moja, Adila. Nimekaa na manesi wote, nimewauliza siku zao moja moja, nikaziandikia programu. Ndiko kuzurura kwangu huko."

Nilimchukia zaidi, na nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikasema, "Sawa, nimekuelewa. Nipe nakala niondoke."

"Nakala ipi?" Akasogea. "Siku naondoka, nani alisimama mlangoni akasema mkoba wangu upekuliwe?"

Ni mimi.

"Nani aliitoa flashi mle ndani akasema hii ni mali ya ofisi?"

Ni mimi pia, na niliitoa kwa vidole viwili kama naokota panya.

"Basi mimi sina kitu. Laibrari ilikuwa sehemu mbili, kwenye flashi ile na kwenye laptop hiyo uliyoning'iniza begani. Ifungue tu, imo humo."

Nikaishika laptop pale begani. "Niliifuta."

"Umefuta nini?"

"Laptop. Yote."

"Na flashi?"

"Flashi nimejaza taarabu. Ya harusi ya binamu yangu."

Dija akaacha kuchagua mchele. "Mungu wangu wee," akasema, hata kejeli ikampungua kidogo. "Mtu kajichoma mwenyewe."

Hapo nikapandwa na wazimu. "Na wewe Pazi akili zako ziko wapi? Kazi ya miezi mitatu unaiweka kwenye mashine moja! Kwa nini hukuipandisha mtandaoni ikahifadhiwa, kama watu wenye akili timamu?"

"Niliomba bando nipandishe. Wewe ukamwambia Madamu nalimaliza kwa kutazama mpira."

Nilisema hivyo, kweli. Nimesema mengi mwaka huu. Pazi akaingia ndani akatoka na daftari kubwa la jalada gumu, akalifungua mbali na mimi. Siku za kliniki zote zilikuwa humo, kwa mwandiko wake mbaya, zahanati moja kurasa tatu, nne.

"Hili halikuwa kwenye mkoba," akasema. "Nikianza sasa hivi, kesho alasiri laibrari imesimama."

Wallahi nilitaka kumbusu na kumzaba kibao kwa pamoja. "Basi anza! Mimi nitakusemea kwa Madamu urudi, hata kwa kibarua."

"Sitaki unisemee. Ulishanisemea." Akalifunga daftari. "Mpigie sasa hivi, weka sauti kubwa, mwambie nani aliandika nini. Ukimaliza naanza."

Nikamwambia hilo hapati. Nikamwambia ni afadhali niandike ya wiki nne kavu kavu, wageni wanajua wapi siku ya gulio la Mkange? Nikageuka niondoke, na nilikuwa naondoka kweli, nilishafika kwenye kona ya nyumba.

"Nesi Teddy wa Mkange anakuja nao," Pazi akasema nyuma yangu, wala hakupaza sauti. "Ndiye atakayeujaribu mbele yao. Alinipigia jana kuniuliza kama nitakuwepo."

Nikasimama pale konani. Nikamwona akilini huyo Teddy akiandika mtoto wa kwanza, akasoma tarehe, akauliza mbele ya wageni na mbele ya Madamu, nani kawaambia sisi tunafanya kliniki Jumanne? Ningejibu nini? Nikarudi na simu mkononi.

"Shikamoo Madamu."

"Marahaba, Adila. Mbona mchana wote hupo?"

"Niko Mapinga, Madamu. Kwa Pazi. Mfumo hauwaki. Kuna laibrari inakosekana, ile inayohesabu tarehe. Aliiandika Pazi. Mimi nimeifuta."

Kuku alikuwa anaparua karibu na mguu wangu.

"Ulisema wote uliandika wewe."

"Nilisema, Madamu."

"Sasa niambie ilivyo."

"Mimi niliandika kurasa. Yanayoonekana. Kazi ya ndani ni yake, na kuunganisha mfumo wote ni yeye. Mkange alikuwa kazini. Nilikudanganya, Madamu. Nisamehe."

Nilingoja anitukane, maana tusi lingenipa nafasi ya kujibu. Madamu hakutukana. "Mpe simu Pazi," akasema.

Pazi akaichukua, akazima ile sauti kubwa, akaenda nayo migombani. Nilimwona mgongo tu, anatikisa kichwa, anaitikia. Dija alirudia mchele wake. Akaniuliza kama nataka maji, nikamwambia sitaki, akasema vizuri. Jua lilikuwa linanichoma kisogoni na kivuli kilikuwa upande wao wa mkeka.

Pazi akarudi, akaipangusa simu kwenye shati, akanipa.

"Anasemaje?"

"Amesema laptop uiache hapa."

"Mpaka lini?"

"Hakusema mpaka lini. Amesema na ufunguo wa ofisi uniachie. Wewe usiende kesho, atakupigia mwenyewe."

Nikauchomoa ufunguo kwenye pete, ukanigomea mpaka kucha ikakatika. Nikaishusha laptop begani, nikaiweka mkekani pembeni ya ungo wa mchele, maana mkononi mwake nisingeweza. Pazi akakaa chini, akaifunua, akaiwasha. Nilikwishawapa mgongo aliponiita.

"Adila. Paswedi?"

Nilitamani ardhi ipasuke tu inimeze. Ningeweza kukataa, lakini ningekataa kwa kazi ipi sasa? Nikamwambia bila kugeuka.

"Pazi kwaheri. Herufi ndogo zote, uunganishe."

Dija akaguna. Nilimsikia Pazi akibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, herufi moja moja, mpaka mashine ikafunguka.