Majani Nyuma ya Jiwe

Ochoki alikuwa kwao Tabaka, akifunga mabakuli ya mawe kwa majani makavu ya migomba, mkono wake uliposimama wenyewe. Tangu utotoni alifunga mawe hivyo yasigongane safarini, hata hakuwa akifikiria tena. Sasa akakumbuka: Alhamisi, kule Nyamira, mkono huohuo ulisokota majani ukayashindilia nyuma ya mabamba ya mawe aliyoyapanga ukutani, kuzunguka jiko la chuma la Mama Tryphosa. Yalikuwa ya kushikilia mabamba hadi saruji ikauke, kisha ayatoe. Badala yake akapachika bamba la juu, akalisugua kwa msasa na maji hadi likang'aa kama siagi, akasifiwa, akaenda zake.

"Bonareri," akamwambia mkewe, "leo ni siku gani?"

"Jumapili. Wewe nawe."

Jumapili ndiyo siku ambayo Manasseh, kitinda mimba wa Mama Tryphosa, alikuwa amewaalika watu waone jiko likiwashwa. Ochoki akapiga simu. Ikaita hadi ikachoka. Akachukua nyundo kubwa, akapanda bodaboda.

Sebule aliikuta imejaa. Moto ulinguruma nyuma ya kioo cha jiko, na Mama Tryphosa, amekaa karibu kabisa, alikuwa akiwatega wageni.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina ng'ombe wangu, nikimlisha ananenepa, nikimnywesha anakufa."

"Moto," wakajibu wote, wakicheka. Ochoki hakucheka. Kwenye ufa wa bamba la juu, chini kidogo ya dari ya mbao, uzi wa moshi ulikuwa ukitoka.

"Zima moto," akamnong'oneza Manasseh.

"Fundi, kula kwanza."

"Zima, nakwambia."

"Kwa nini?"

Ochoki akawatazama wageni. Waliojaa pale ndio wangemwita kesho kwenye nyumba zao. Neno moja tu, na Nyamira nzima ingemfungia mlango. "Saruji haijakauka," akasema.

"Ulisema siku tatu, zimekwisha. Usiniaibishe mbele ya watu."

Moshi ukanenepa. Ochoki akamsukuma Mama Tryphosa pembeni, pamoja na kiti chake, akainua nyundo, akalipiga jiwe.

Likapasuka kama fuvu. Manasseh aliona jambo moja tu: mtu amemsukuma mamake na sasa anabomoa nyumba. Akamrukia, akampiga ngumi ya sikio, ya shingo, ya juu ya jicho. Ochoki akamtupa juu ya meza ya chakula, akaurudia ukuta. Manasseh akaokota chuma cha kuchochea moto, akakishusha kwa mikono miwili. Mfupa wa mkono wa kulia wa Ochoki ukalia kama muwa unaovunjwa gotini.

Akahamishia nyundo kushoto. Akapiga. Damu ilikuwa imemfumba jicho. Chuma kikamshukia begani. Akapiga. Bamba la juu likaanguka, na nyuma yake moto ukaruka, mrefu kama mtu, ukalamba mbao za dari.

Manasseh akaachia chuma. Sasa Ochoki anang'oa majani yanayowaka kwa mkono mtupu, Manasseh anamwaga ndoo ya maji, kisha birika zima la chai, mpaka ikabaki harufu ya masizi.

"Nani aliweka majani humu?" Manasseh akauliza, akihema.

"Ni mimi," Ochoki akasema, wageni wote wakisikia. "Niliyasahau."

Manasseh akampiga ngumi ya mdomo. Hiyo Ochoki hakuikinga. Akatema jino.

"Inatosha," Mama Tryphosa akasema. Akavua leso yake, akaufunga ule mkono uliovunjika. "Mpeleke hospitali Kisii. Akipata nafuu, umrudishe amalize kazi."

"Mama, nitatafuta fundi mwingine."

"Mwingine naye atasahau lake, na hatasema. Huyu amesema. Na mkono wake umeuvunja wewe, kwa hivyo wewe ndiwe mkono wake."

Wiki mbili baadaye Ochoki alikaa kitini, mkono kwenye plasta, na Manasseh amepiga magoti ukutani. Nyuma ya mawe waliweka matofali na saruji tupu. Kando ya chuma waliacha nafasi ya upana wa kidole, chuma kipate kutanuka kikishika moto. Mbao za dari zilizokuwa karibu wakazikata zote.

"Hilo bamba limepinda," Ochoki akasema.

"Liko sawa, fundi."

"Limepinda. Toa."

Manasseh akageuka, nyundo mkononi, mishipa ya shingo imemsimama. Wakatazamana. Kisha akalitoa.