Ua la Mawe Juu ya Niyibizi

Theodosia alikuwa na hakika moja tu duniani: kaburi la mwanawe Niyibizi lisingempotea kamwe. Kilima chao, nyuma ya Muyama, kilikuwa na mchwa wasioshiba, msalaba wa mti haukumaliza masika mawili. Kwa hiyo wanawake wa huko walipanda ua la mawe juu ya kaburi la mtoto. Ni kijimea kidogo, majani manene kama punje za mahindi, maua ya manjano yanayofunguka jua likiwaka na kufumba alasiri. Chenyewe humea miambani tu. Uani hukioni ila kimepandwa na mama aliyefiwa.

Sasa ilikuwa 1976, wamekwisha kuhamishiwa kijiji kipya cha barabarani. Kesho trekta lingelima mahame yao yawe shamba la kijiji. Alikuja na mumewe Stanislaus, jembe begani na shuka jeupe kwapani, wamchukue mtoto wao.

Walipofika, uwanja mzima ulikuwa wa manjano.

"Labda ni gugu lile linalofanana nalo," alisema Stanislaus.

Gugu lile lina utomvu mweupe. Theodosia akachuma jani, akaliminya: maji matupu. Akasogea, akaminya lingine: maji. La kule mteremkoni: maji. Lilikuwa ua lenyewe, kila mahali. Na kuta za udongo zilishayeyuka kwa mvua, migomba imekatwa, hata mlango ulikuwa wapi hukujua.

Akaelewa. Ua la mawe hushindwa na nyasi. Moto wa Operesheni Vijiji, ule wa kuwahamisha watu, uliteketeza nyasi pamoja na nyumba, ardhi ikabaki upara, ua likajitandazia. Na moto huo haukuwashwa na mgambo. Stanislaus, balozi wa nyumba kumi, aliwasha paa lake kwa mkono wake ili wengine waone mfano. Akapigiwa makofi. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wake alikuwa amefika.

"Mama Niyibizi, nichimbe wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Si wewe uliyelipanda?"

"Na wewe si ndiye uliyewasha? Chagua, balozi."

Alichimba hapa, akachimba pale, udongo mwekundu mtupu. Jua likapinda, maua yakafumba. Mwisho akajaza udongo kwenye shuka, akafunga fundo. "Ni hapa," alisema bila kumtazama. "Nimemwona."

Theodosia alijua ni uongo, akamchukia, akamfuata.

Jioni ile kijiji kizima kiliimba, Stanislaus akazika fungu la udongo kwa heshima zote. Mama mtu hakutoa chozi, watu wakamsema. Asubuhi, trekta liliposikika likinguruma kilimani, ndipo alipoanguka chini, akalia.