Ukurasa Uliosema Hakuna Mtu

"Wanasema hakuna mtu, shemeji. Hata mmoja!"

Sauti ya mume wa mdogo wake ilikwaruza simuni. Mdogo mtu alikuwa amejifungua asubuhi hiyo, mtoto mzima kabisa, ila damu ilikataa kukatika, na kundi lake la damu ni lile adimu. Muuguzi alifungua tovuti ya wachangiaji damu. Ikamjibu: Waliopatikana, 0.

Tovuti hiyo aliijenga yeye, dada mtu.

Alikuwa keshasimama. Akaketi. Akasimama tena, akaandika kwenye kompyuta hivyo hivyo kwa kuinama, akiiuliza hifadhidata, ghala la majina yote, moja kwa moja bila kupitia ukurasa wa tovuti. Mistari ikashuka kwenye kioo, kila mstari mtu mmoja, jina na namba ya simu.

"Watu wapo," alisema. "Wapo! Huu ukurasa unawakana."

"Kaa basi, dada," mwenzake wa meza ya pili alimsihi. "Kiti hakiumi."

"Nikikaa nitalia."

Akaupekua msimbo unaoendesha ukurasa, kutoka juu, kijasho kikimtiririka mgongoni. Jana yeye na mwenzake waliurekebisha ukurasa uwe mwepesi. Na hapo ndipo palipoharibika: ulituma swali kwenye hifadhidata, kisha papo hapo ukahesabu mistari iliyorudi, kabla haijarudi. Kama mtu anayeita watu na kuwahesabu hawajaitika. Akaihamisha hesabu, isubiri majibu kwanza. Vidole vilikosea, akafuta, akarudia. Akajaribu.

Waliopatikana, 23.

"Shemeji, mwambie muuguzi afungue upya! Upya!"

Hakukumbuka kuzima kompyuta. Alipofika hospitali, shemeji yake alikuwa amechuchumaa ukutani, viatu vya mkewe mkononi. "Wamemwingiza chumba cha upasuaji," alisema. "Hawaniambii kitu."

Muuguzi alikuwa kwenye simu. Mmoja hakupokea. Wa pili amesafiri. Wa tatu alisema anakuja, lakini watu husema mengi. Dada mtu akaenda hadi dirishani, akarudi, akaenda tena, mpaka mfagiaji akamwomba apishe ufagio.

Ndipo akaingia mwanamume mmoja wa makamo, suruali imejaa madoa ya rangi ya nyumba, mkono wa shati umekunjwa tayari.

"Samahani, nimepigiwa simu. Pa kutolea damu ni wapi?"

Dada mtu akamkimbilia. Akamshika kiwiko, akamwongoza kwenye ujia mrefu, akitaka kukimbia. Lakini yule bwana alikuwa akichechemea, ikabidi waende mwendo wake.