Washa Nyuma ya Gia

...na wala si la mwaka ule alioutaja mteja, mteja anajua nini, mteja kasoma namba zilizogongwa kwenye bodi akaamini, kama vile bodi haiwezi kusema uongo, giaboksi hili bodi yake ni ya pikipiki moja ya Kiingereza na utumbo wake ni wa nyingine kabisa, fundi kalijua hata kabla ya kulifungua, maana fundi huyu, si siri, dunia nzima inamjua, Waingereza wenyewe wangekuwa na adabu wangekuja kupiga hodi kumuuliza babu zao walitengeneza nini, alilitikisa tu sikioni kama mtu anayetikisa kiberiti, akasema gia ya pili humu si ya humu, jino limezidi moja, wakafungua, wakahesabu, limezidi moja, mteja akashika kichwa, na fundi akacheka cheko lile lake la kuangusha mabati... na sasa kuna kitu kinaburuzwa chumbani, krrr, sakafuni, cherehani, ni cherehani hiyo inatoka, "Shemeji, huu mguu unafunguka au cherehani imezaliwa nao?" anapaza sauti kaka wa mkewe kutoka ndani, jitu la watu, jinene, lenye huruma, tangu asubuhi linabeba vitu vya dada yake huku linamwomba fundi msamaha kwa macho, na fundi anajibu kwa sauti ya harusini, "Zungusha kinyume, shem! Nati hiyo niliikaza mimi, hata ibilisi hafungui bila ruhusa yangu!" na shemeji anacheka, hehe, kidogo, mke hacheki, zamani angecheka mpaka ashike ukuta... na fundi hageuki kuangalia, atageukaje, mikono yote miwili imo ndani ya bodi, wa kushoto umeikamata shafti ya chini, wa kulia umebana gia na uma wake visiachane, na kwenye tundu kuna vile vyuma vyembamba kama njiti zilizokatwa, vimesimama duara, hakuna kinachovishika ila grisi, ukipiga chafya tu vinamwagika vyote na unaanza upya, Waingereza bwana, watu waliokuwekea gia mguu wa kulia, ya kwanza unapandisha, nyingine zote unashusha, watu hao washindwe kukutesa kwa njiti? na hapa ndipo inatakiwa washa, kipete chembamba kama ukucha, kipite nyuma ya gia kikae mahali pake, na kidole cha fundi ni kinene kama mpini wa nyundo, hakipiti, hakijawahi kupita hata siku moja, kilichokuwa kinapita miaka yote hii ni kidole cha mkewe, anaitwa jikoni, anakuja na mkono bado una povu, anajipangusa, anaingiza kidole, tk, anarudi jikoni, na wateja wakiuliza, fundi, kazi ya mikono mitatu hii unaifanyaje peke yako, fundi anajibu, "Ufundi, mzee, ufundi," na mke yuko pale pale nyuma yake anajifuta grisi kwa kitambaa, alikuwa anatabasamu, si alikuwa anatabasamu? fundi anajaribu kuikumbuka ile sura na inamjia mgongo tu, mgongo unarudi jikoni... "Unanisikia?" Mkewe yuko mlangoni, amevaa viatu vya kutokea, "Sufuria kubwa nimekuachia, ndogo nimechukua." Na yeye, "Chukua zote, mama, mimi nitapikia kwenye bodi ya giaboksi, inashika moto kuliko jiko!" utani umetoka wenyewe, umechomoka mbio kama mbwa asiyejua kwamba nyumbani kuna msiba, anataka kuurudisha, hakutaka kusema hivyo, alitaka kusema usiende, neno lenyewe dogo hivyo, mtoto wa chekechea analisema, alitaka kulisema jana mke alipokuwa anakunja nguo, akajikuta anasimulia alivyobeba pikipiki mbili begani akavuka nazo mto uliofurika, alitaka kulisema asubuhi, mke aliposema bila kelele, kelele ingekuwa nafuu, kelele anaiweza, "Mimi humu ndani ni kidole, baba. Nikiumwa, unauliza kidole kinaendeleaje," na akamjibu, kidole chenyewe cha dhahabu hicho, akacheka peke yake, chumba kizima cheko lake tu... na sasa mke anafyonya, anatua mkoba, anakuja. "Washa hujaweka." "Nilikuwa ndiyo naiweka." "Kwa kidole gani? Gogo hilo?" Na anaiokota washa kwenye kopo la mafuta ya taa, anakunja mkono wa gauni lake zuri, anaingiza kidole, bega lake liko hapa, karibu, linanukia sabuni na safari, na kule nje shemeji anaita, "Dada, vitu vyote viko garini, dereva ananuna!" na mke anamjibu, "Nakuja," nakuja anaambiwa mwingine, na fundi anasikia kwa ncha za vidole vyake washa inateleza juu ya grisi, inatafuta, inapapasa, tk. Imekaa. Hata kiziwi angejua imekaa. "Imekaa," anasema mkewe. Na fundi, ambaye hajawahi kukubali mbele ya binadamu yeyote kwamba kuna kazi imemshinda, anayekabidhi kwa majigambo hata kile ambacho hajakimaliza, anasema, "Bado." Mke anamtazama, karibu hivi, kidole chake yeye ndicho kiko mle ndani, anajua, wote wawili wanajua, na kidole hakitoki, na fundi anaelewa, tangu jana alikuwa anasikia tu, sasa ndiyo anaelewa, huyu habaki, huyu anamsubiri, kama unavyomsubiri mtu mzima anayelia mpaka amalize, na anayelia ni nani, ni yeye, machozi yanamteremka hadi kidevuni na mikono yote imo ndani ya chuma, hawezi hata kujifuta, "Bado," anasema, "bado, mama, bado kidogo," na mkewe, taratibu, anasema, "Haya. Bado."